Mbea wa Chumba cha Bibi Melania

Mbea aliyesema Bibi Melania Kihwele yu hai nilimpima mimi, nikampasisha mimi, na stika yenye herufi zangu, O.M., ilikuwa bado imemganda mgongoni siku tuliyomkuta bibi amekuwa wa baridi kama bomba la maji la Iringa mwezi wa saba.

Kwenye karatasi za serikali kinaitwa Kihisi Uhai. Sisi wa Kihesa hatuna muda huo. Tunamwita mbea, kwa sababu kazi yake ni moja tu: kukaa ukutani, kuchungulia watu na kupeleka habari. Ni kibao cha kijani, hakizidi kidole gumba, kilichopigwa lehemu huko mbali na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. Wambea huja kwenye viroba kama maharage. Na kama maharage, lazima mtu akae awachambue. Mtu huyo ni mimi, Otmar Mapunda, kidato cha nne, ufaulu wa kuombeana dua, Mngoni wa Peramiho niliyepotelea Uheheni.

Meza yangu ya kazi ilikuwa kwenye nusu ya mbele ya chumba kikubwa cha nyumba ya Bibi Melania. Nusu ya nyuma alilala yeye. Katikati palikuwa na ukuta wa plaiwudi ambao bosi wangu, Fundi Zakayo Mgaya, aliupigilia misumari siku alipopanga pale kuweka karakana.

Kila mbea nilianza kumkutanisha na Mzee Sponji. Mzee Sponji ni sponji la kuogea nililolifunga juu ya mota ya redio kaseti, linapanda na kushuka mara kumi na nne kwa dakika kama kifua cha mtu aliyelala. Nililiweka ndani ya boksi la mbao, mbea nje, nikasubiri taa. Mbea hutoa mawimbi ya ukoo mmoja na yale ya jiko la maikrowevu, ila dhaifu mno, hayapashi hata chai ya mbu. Yanakwenda, yanagonga kitu, yanarudi. Kitu kikitulia, yanarudi kama yalivyokwenda. Kikisogea hata kwa unene wa ukucha, yanarudi yamebadilika, na taa inawaka. Mbea haoni sura wala joto. Nguo, pazia na mbao anazipita kama hazipo. Bati tu ndilo linalomkomesha.

Akimwona Mzee Sponji, namtesa. Namwashia feni pembeni nione kama ataita feni binadamu. Nampa umeme wa chaja mbovu, maana mbea wa bei chee akipewa umeme mchafu huona mizimu. Namweka karibu na mwenzake, kwa sababu wambea wawili wakikaa pamoja husingiziana. Mwisho napiga hatua mbele yake, kisha nyuma yake, nikihesabu anakoma wapi. Mbele wengi wanaona hatua saba. Nyuma, tatu. Kila mwezi niliandika kwenye ripoti: uso saba, kisogo tatu. Kila mwezi hakuna aliyeuliza kisogo kinatafuta nini.

Mbea wa Bibi Melania aliangikwa upande wake wa plaiwudi, uso kwa kitanda. Kisogo kilinielekea mimi. Kiti changu kilikuwa hatua mbili.

*

Sheria ilikuja baada ya ile homa ya usingizi, pale watu watatu walipogonga jeneza kutoka ndani, na wawili tu wakawahiwa. Tangu hapo hazikwi mtu mpaka mbea wa chumba chake anyamaze saa sita mfululizo. Na mtu akiwa hai, akiugua, pumzi ikikatika dakika mbili, mbea hupiga kelele nyumba nzima na pikipiki ya zahanati inatoka. Mwenye chumba akitoka kwa miguu yake, mbea humwona akipita mlangoni, hapigi kelele mpaka arudi. Imeokoa wengi. Hilo sitalificha, hata sasa.

Ila mbea mgeni hupigia kelele kila paka. Kwa hiyo siku ya kumfunga, mwenye chumba hulala chali dakika kumi, wengine wote watoke, mbea ajifunze kifua kile na moyo ule. Hilo linaitwa somo. Likishapokelewa, kila asiyekuwemo kwenye somo ni samani. Na somo haliguswi tena. Walilifunga makusudi ili wajukuu wenye haraka ya kurithi shamba wasije wakamfundisha mbea mbuzi.

Bibi Melania aligoma kulala. Alisema tangu mumewe azikwe hajalala chali mchana mbele ya mwanamume, na hataanza kwa Mngoni.

Lazima nieleze hapa. Wangoni na Wahehe ni watani. Babu zetu walichinjana mpaka wakachoka, kisha wakakubaliana kutukanana mpaka mwisho wa dunia. Bibi Melania aliniita mkimbizi, kwa kuwa babu zetu walikuja huku wakiwakimbia Wazulu, akiniuliza kila asubuhi kama wakwe zangu Wazulu wameshaacha kunifukuza. Mimi, kwa kuwa Wahehe husingiziwa kula mbwa, kila mbwa akibweka nilimwuliza kama chakula kimeiva. Hakuna kukasirika. Anayekasirika ameshindwa.

Kwa hiyo alipogoma kulala, nililala mimi. Nilipanda kitandani kwake, nikajifunika kanga yake mpaka kidevuni, nikapumua kama yeye: mbili fupi, kama anayenusa mboga iliyolala, kisha moja ndefu yenye filimbi. Nilishawachekesha wauza nyanya wote wa Kihesa kwa pumzi ile. Kanuni ilisema wengine watoke. Lakini utani hauna maana mhusika asipouona. Bibi Melania alikaa kwenye kigoda mlangoni, hatua nne kutoka kwa mbea, akacheka dakika kumi nzima mpaka akakohoa. Taa ikawaka kijani. Somo limepokelewa.

Mbea alitusoma wote wawili, akatuandika mtu mmoja. Siku ile sikulijua hilo. Nilijua tu kwamba mbea anafanya kazi: usiku bibi akilala peke yake, taa kijani, asubuhi nikiwa kazini, kijani. Nikapata wazo la kitaalamu. Kila nilipokwenda kufunga mbea kwa mzee mwoga au mwenye haya, nilishauri mjukuu akae naye wakati wa somo. Wazee walitulia, somo likapita mara ya kwanza. Fundi Zakayo alinisifu mbele ya watu. Nyumba kumi na tisa.

*

Alhamisi niliingia kazini saa moja kamili. Palikuwa na kiroba kizima cha kumaliza, na Bibi Melania alikuwa amenisusia. Jana yake nilivuka kidogo kwenye habari za mbwa wa jirani aliyepotea, akaapa kwamba hatasema na mimi mpaka nimwombe radhi kwa kupiga magoti. Kususa kwa mtani ni sehemu ya mchezo. Nilikaa, nikafungua redio, nikaanza kumchokoza kupitia plaiwudi. Nilimwambia nimeota ameolewa na Mngoni. Kimya. Nilimwambia Mngoni mwenyewe amekataa. Kimya.

Taarifa ya habari ya saa mbili ilikuwa imeisha na walikuwa wakitangaza vifo. Plaiwudi ikabishwa mara mbili.

Hivyo ndivyo alivyoniambia siku zote nipunguze redio. Nilijua amekaribia kuvunja kiapo. Nikabisha mara mbili vilevile, kwa madaha, nikaongeza sauti ya redio kidogo.

Nikaendelea na kiroba. Niliwapima wambea hamsini na mmoja, tisa wakafeli. Nilimsimulia kila aliyefeli, nikisema huyu ni Mhehe, haoni mbali. Kwenye meza yangu taa ndogo iliyounganishwa na mbea wa chumba chake iliwaka kijani muda wote, na mtu mwenye taa ya kijani ana haki ya kununa.

Saa nne na dakika arobaini geti liligongwa. Nikainuka kufungua. Alikuwa Anti Skola, binti yake wa pekee, mwalimu wa Makambako, amekuja na kapu la parachichi bila kutoa taarifa. Tulisalimiana kamwene, akaniuliza kama mkimbizi ameshapewa uraia. Nilipokuwa napokea kapu, mbea akaanza kulia.

Anti Skola aliruka kizingiti. Mimi nilifika wa pili. Bibi Melania alikuwa ameegemea plaiwudi, ameketi nusu, mkono umeanguka kwenye shuka. Anti Skola alimlaza, akamwita, akamsugua kifua. Pikipiki ilifika baada ya dakika sita. Mhudumu wa zahanati alisoma kwenye kioo cha simu kwamba pumzi ilikatika saa nne na arobaini na moja, akaandika hivyohivyo.

Nilimsaidia kunyoosha mkono. Haukunyooka kwa urahisi. Ulikuwa wa baridi mpaka kwenye kwapa.

Anti Skola hakulia kwanza. Aliuliza saa tena, akatajiwa. Akasema, "Alinisubiri. Amesikia sauti yangu getini, ndipo akaondoka."

Nilikuwa nimelishika tena kapu. Nilihesabu parachichi: kumi na moja. Sikuhisi kitu. Nilihisi njaa.

*

Msiba ukawekwa. Maturubai, viti vya jumuiya, masufuria. Kila aliyeingia Anti Skola alimsimulia habari ileile, na kila mara ilimshika vizuri zaidi, kama blanketi linalozoea mwili. Miezi minne alikuwa hajaja kumwona mama yake. Mitihani, mikutano, mvua. Mara ya mwisho waliachana kwa maneno. Sasa alikuwa na kitu cha kusema: amenisubiri.

Saa tisa mchana niliingia karakana kuchukua koti, nikakaa kwenye kiti kuvaa viatu vizuri. Taa ya meza ikawaka kijani.

Nikainuka. Ikazimika. Nikakaa, nikainuka, nikarudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa utaratibu, kama ninapompima mbea yeyote. Nikachukua bati la kuezekea nikaliweka kati yangu na plaiwudi, nikakaa nyuma yake. Ikazimika. Nikaondoa bati. Kijani. Simu ya msiba ikaita huko uani: Sajili ya Pumzi, ofisi inayopokea habari za wambea wote, wanauliza mbona marehemu amerudi, saa sita zinaanza upya. Wakubwa wakasema ni mtandao.

Basi hivyo. Bibi alibisha saa mbili na robo. Baada ya hapo nilimpumulia mimi, mpaka nilipoinuka kumfungulia mwanaye.

Nilitoka nikaenda kukaa kwenye moto wa wanaume, mbali na nyumba. Wakanipa ulanzi, pombe ya mianzi. Watani wenzangu walikuwa wamefika, Wangoni wa soko zima, wakiongozwa na Mama Nchimbi muuza dagaa, aliyekuwa amevaa sweta la marehemu na kudai yeye ndiye mrithi. Watu walicheka. Nilicheka nao. Nilisikia kicheko changu kikitoka kwa wakati wake, sauti sawa, urefu sawa.

Ijumaa nilimweleza Fundi Zakayo. Tulisimama nyuma ya choo cha nje, mahali pekee pasipokuwa na mtu. Hakunifokea. Aliniuliza habari za nyumba kumi na tisa kabla sijazitaja, kwa hiyo nikajua ameelewa. Katika kila nyumba mle, mzee na mjukuu walikuwa wameandikwa mtu mmoja. Mzee Lutangilo wa Ipogolo, ambaye moyo wake huruka kama mbuzi, mjukuu wake analala nyuma ya pazia, hatua mbili. Pumzi ya mzee ikikatika alfajiri, mbea atasikia kijana anavyokoroma na kusema kila kitu kiko salama.

Nikasema twende tukafute masomo, tufundishe upya. Fundi akanikumbusha kwamba hatuwezi. Sajili hufungua somo kwa njia moja tu, Fomu ya Kisa: kifo kimoja kilichothibitika mbea alidanganya, saa ya kweli ya kifo kama inajulikana, na saini ya ndugu wa damu. Ikishapokelewa, masomo yote ya fundi yuleyule hufunguliwa kwa mkupuo. Ndugu wa damu wa Bibi Melania ni mmoja.

Nilimwomba twende basi kwa wale kumi na tisa, tuwaambie wajukuu walale mbali. Alisema tayari ametuma ujumbe. Wanne wamejibu. Mmoja ameuliza ahamie wapi, nyumba ina chumba kimoja.

Kisha akaniambia hivi. "Otmar, kumi na tisa wote wako hai leo. Wa kufa bado hujamjua jina. Huyu mama unamjua jina, na yuko pale kwenye mkeka. Mwache azike na amani yake. Mwezi ujao utamwendea Makambako."

Mwezi ujao. Nilipiga hesabu za Mzee Lutangilo kwa siku thelathini. Nikapiga hesabu za Anti Skola kwa miaka iliyobaki. Hesabu sikuwahi kufaulu.

*

Jumamosi kibali cha kuzika kilikuwa kimetoka. Mbea alikuwa amenyamaza saa sita bila shida, kwa sababu nilikuwa nimelala kwa Mama Nchimbi. Misa saa tano, maziko saa saba. Jeneza liliwekwa juu ya viti viwili chumbani kwake, kando ya kitanda chake, akina mama wamelizunguka. Kaburi lilikuwa limechimbwa, na Wangoni wawili walikuwa wameshaingia humo wakigoma kutoka mpaka waletewe mbwa wa kuchoma.

Ikafika zamu yangu. Kila mtu alijua. Mtani wa marehemu hulala kitandani pa marehemu, akamwigiza mara ya mwisho, ndugu wacheke, wapate nguvu ya kunyanyua. Mtani akikataa, ametangaza ugomvi na maiti. Mama Nchimbi alinisukuma mpaka barazani, nje ya mlango. Nikasimama hatua nane kutoka kwa mbea. Nazijua hatua zangu.

Nilikuwa na njia ya kuponyoka. Ningeweza kumwigizia pale barazani. Ningeweza kusema tumbo linauma. Watu wangenuna, ningetukanwa wiki nzima, kibali kingebaki kibali. Katekista angepiga kengele na Anti Skola angemzika mama aliyemsubiri.

Anti Skola alinyanyua uso kutoka kwenye mkeka. Macho yalikuwa yamevimba lakini alikuwa anajaribu kutabasamu. "Njoo, mkimbizi," akasema. "Njoo utuonyeshe alivyokuwa analala, maana mimi nimesahau."

Nikaingia. Nikapanda kitandani. Kanga ilikuwa bado na harufu yake, mafuta ya nazi na moshi. Nikajifunika mpaka kidevuni, nikapumua: mbili fupi, moja ndefu yenye filimbi. Chumba kizima kikacheka kile kicheko cha msibani, kinachotoka kwa mtu huku machozi yanamtoka. Anti Skola alicheka mpaka akashika ubavu.

Taa ikawaka kijani.

Sikuacha. Nilipumua mara nne zaidi, ili pasiwe na wa kusema ni mtandao. Kicheko kikaanza kupungua kutoka pembe moja kwenda nyingine, kadiri macho yalivyofika ukutani. Uani simu ikaita. Mtu akapokea, akasikika akisema hapana, hapana, tumeshamfunika.

"Anti Skola," nikasema nikiwa bado nimelala chali, "sasa tazama."

Nikainuka, nikatoka, nikaenda mpaka geti la nje. Nilihesabu dakika moja kwa saa ya simu. Nikarudi, lakini sikuingia kwake. Niliingia karakana, nikakaa kwenye kiti changu, nyuma ya plaiwudi. Upande wa pili mwanamke mmoja alimtaja Yesu kwa sauti ya chini. Nikajua taa imewaka tena.

Alinijia yeye mwenyewe. Alisimama kwenye mlango wa karakana, mkono kwenye fremu, akatazama kiti, plaiwudi, kiroba. Ni mwalimu wa hesabu.

"Siku ile ulikuwa umekaa hapo?"

"Tangu saa moja."

"Mpaka nilipogonga."

"Mpaka ulipogonga."

Huko nje Mama Nchimbi alikuwa anawaita wale wawili watoke kaburini, na kwa mara ya kwanza maishani hawakumjibu kwa matusi. Nilimweleza Anti Skola habari ya somo, kigoda mlangoni, na kwamba mbea alituandika mtu mmoja. Nilimweleza nyumba kumi na tisa na fomu. Nilisema yote kwa mpangilio na kwa sauti ya kawaida, kama ninavyosoma ripoti ya mwezi. Nilisikia nasema kisogo tatu.

"Kwa hiyo hakunisubiri," akasema.

Akaitazama tena plaiwudi.

"Alikufa saa ngapi?"

Hapo palikuwa na njia ya pili ya kuponyoka, pana kuliko ya kwanza. Ningesema sijui. Hakuna chombo kinachojua. Fomu inakubali neno hilo, kuna kisanduku chake kabisa: haijulikani. Kumi na tisa wangeokoka, na yeye angebaki na saa yoyote anayoitaka.

Nikamwambia alibisha saa mbili na robo. Mara mbili. Nikamwambia na mimi nilibisha mara mbili, halafu nikaongeza redio.

Hakunipiga. Hakunitukana pia, na hapo ndipo nilipojua kitu kimekatika. Mhehe asiyemtukana Mngoni kwenye msiba wa mama yake amekwishamweka Mngoni huyo mahali pengine, na mahali hapo hapana mlango. Alipangusa pua kwa upindo wa kanga. Akaniuliza, kwa adabu, kama anayemwuliza karani wa posta, fomu iko wapi.

Ilikuwa mfukoni kwangu tangu Ijumaa. Imekunjwa mara nne.

*

Maziko yakasogezwa mpaka saa kumi na moja jioni. Saa sita zilikuwa zimeanza upya, na safari hii kila mtu alijua kwa nini. Padre alivua stola akaenda kukaa kwenye kivuli cha turubai. Kwaya ilikaa chini. Masufuria yalirudishwa motoni. Wangoni wenzangu walinipisha njia kana kwamba nimebeba maji ya moto.

Ilibidi niondoke mpaka mbea anyamaze. Anti Skola alisema atanisindikiza, na hakuna aliyetuuliza kwa nini. Tulipita geti, tukapita mashine ya kusaga, tukapita duka la dawa. Hatua saba zilishakwisha zamani, lakini aliendelea kutembea na mimi niliendelea. Tulikwenda mpaka kwenye uwanja wa shule ya msingi, ambako hakuna nyumba wala ukuta, majani tu na magoli mawili yasiyo na nyavu. Hapo akasimama.

Hapakuwa na mahali pa kuandikia. Akatazama huku na huku.

"Geuka," akasema.

Nikageuka. Akaweka karatasi mgongoni kwangu, akailainisha kwa kiganja, mara moja, mara mbili, mikunjo ilale. Kiganja chake kilikuwa cha moto. Akaandika jina la mama yake, pole kwa pole, kwa mwandiko wa ubaoni. Nilisikia kila herufi kupitia shati. Kisha kalamu ikanyanyuka, ikakaa hewani muda mrefu. Niliona vivuli vyetu kwenye majani, changu kimeinama kidogo ili kimpe meza.

Kalamu ikashuka. Nilisoma kwa mgongo. Mbili. Nukta mbili. Moja.

Nikazuia pumzi, mgongo usisogee, mpaka alipomaliza kuandika tano.